Nitibu nikutibu: tiba ya kikundi kwa waliopitia mauaji na vurugu

Mtu akishuhudia ndugu yake akiuawa, akapigwa, akakimbia nyumba yake usiku, au akavunjiwa heshima mbele ya watoto wake, mara nyingi hubakiwa na kitu ndani ambacho vidonge peke yake havikitoi. Usingizi hauji. Mlango ukigongwa moyo unakwenda mbio. Wengine huwa wakali majumbani, wengine hunyamaza kabisa, barazani hawaonekani tena. Na jirani waliyekuwa wakiazimana naye chumvi, leo hawamwamini.

Makala hii inaeleza njia moja ya kutibu hali hiyo. Watu kumi na kitu wa kijiji kimoja wanakaa pamoja mara moja kwa wiki, wakiongozwa na wenzao wawili waliofunzwa, kwa muda wa miezi mitatu au minne. Njia hii imekuzwa Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ikavuka kwenda Burundi na mashariki ya Kongo. Tumeona tuiandike kwa urefu kwa sababu redioni dakika kumi hazitoshi, na kwa sababu inatuhusu.

Kwa nini inatuhusu hapa Pemba

Msikilizaji wetu mwenye umri wa miaka thelathini na zaidi hahitaji kukumbushwa tarehe 26 na 27 Januari 2001. Kwa vijana waliozaliwa baadaye tunasema kwa ufupi: maandamano ya kisiasa yalikabiliwa kwa risasi Unguja na hapa kwetu. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch iliyotoka 2002 ilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa. Watu kama 2,000 walivuka bahari kwa majahazi na mashua hadi Shimoni, Kenya. Serikali ya Muungano iliunda tume chini ya Brigedia Hashim Mbita kuchunguza yaliyotokea. Muafaka wa vyama ulitiwa saini Oktoba 2001. Yakaja Maridhiano ya Novemba 2009, kisha kura ya maoni ya 31 Julai 2010 iliyotuletea Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Haya yote ni makubwa na hatuyabezi. Lakini ni makubaliano ya viongozi. Mjane wa Micheweni, au kijana aliyerudi kutoka Shimoni akakuta mikarafuu ya babake imechumwa na mwengine, hakuna mkutano wowote kati ya hiyo uliomkalisha chini akaulizwa: wewe unaendeleaje?

Na kabla ya 2001 tayari tulikuwa na maradhi mengine. Baada ya uchaguzi wa 1995 kulikuwa na kususiana. Duka la fulani halinunuliwi kitu, gari ya fulani haipandwi, harusi ya fulani haiendwi, na lililo zito kuliko yote, maiti ya fulani haizikwi na majirani. Aliyeishi wakati ule anajua kwamba kususiwa msiba kunauma kuliko kupigwa kofi. Wazee wetu nao wana la kwao la nyuma zaidi. Ukimsikia mzee akitaja siku za bakora, anakusudia miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, watu wazima walipochapwa hadharani. Kuna waliokwenda kaburini bila ya kuwahadithia watoto wao, kwa haya.

Hapa hatusemi nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo. Kazi hiyo ina wenyewe. Tunazungumzia kile kinachobaki kwa watu, wa upande wowote, baada ya risasi kunyamaza na wanasiasa kupeana mikono.

Ilivyoanza Byumba

Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalichukua siku kama mia moja, Aprili hadi Julai 1994, na waliouawa wanakisiwa kuwa zaidi ya 800,000. Wengi waliuawa na watu wanaowajua: jirani, mwalimu wa skuli, hata mkwe. Miaka kumi baadaye walionusurika, wajane, waliobakwa, wafungwa waliotoka jela, jamaa za wauaji na wakimbizi waliorudi walikuwa wakikaa kilima kimoja na kuchota maji chemchemi moja. Mahakama za vijiji za gacaca zilikuwa zikifanya kazi ya kutafuta ukweli na kutoa hukumu. Ila hukumu haimpi mtu usingizi. Wengine walitoka gacaca na donda likiwa bichi kuliko walivyoingia nalo.

Mwaka 2005, katika mji wa Byumba kaskazini ya Rwanda, Dayosisi ya Kanisa la Anglikana ilianza kazi na mtaalamu kutoka Uholanzi, Cora Dekker, ambaye kwao alikuwa akiwatibu wakimbizi kwa njia ya vikundi. Hawakuleta madaktari. Walichagua watu wa kawaida wanaoheshimika vijijini, wakawafundisha kuongoza kikundi, na wao wakarudi kukaa na majirani zao. Kutoka Byumba kazi ikafika Nyamata, kusini ya Kigali, kisha sehemu nyengine za nchi. Wanyarwanda waliipa jina lao wenyewe, Mvura Nkuvure, maana yake nitibu nikutibu. Jina hilo linaeleza jambo zima: hakuna mganga mmoja na wagonjwa wengi, kila aliyekaa pale ana la kumpa mwenzake.

Kikao kinavyokwenda

Kikundi huwa cha watu 10 hadi 15. Wanakutana mara moja kwa wiki, kama saa tatu kila mara, kwa wiki 15, mahali palepale na saa ileile. Wanakaa kwa duara. Viongozi wawili wanakaa humohumo ndani ya duara, hawana meza wala kiti kirefu. Anayekuja na cheo chake, uwe usheha, ushekhe au ualimu, anakiacha nje pamoja na viatu.

Safari ina hatua sita, na mpangilio wake ndio siri ya njia yenyewe. Ya kwanza ni usalama. Kikundi kinajiwekea masharti yake chenyewe: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, hakuna kumkatiza mwenzio, hakuna kumlazimisha mtu kusema, na mengine watakayoyaona wao. Kiongozi haji na orodha mfukoni. Anauliza tu: ni kitu gani kitakufanya ujione salama hapa? Watu wakishajibu, masharti yanakuwa mali yao na wanalindana nayo.

Ya pili ni kuaminiana. Hapa kuna mazungumzo na michezo midogo, na watu wazima huicheka mwanzoni. Mmoja anafumba macho, mwenzake anamshika mkono na kumwongoza uwanjani. Ni mchezo wa kitoto mpaka umpate yule ambaye tangu mkasa ule hajakubali mtu amsimamie mgongoni.

Ya tatu ni kujaliana. Watu wanaanza kuulizana hali kwa kweli. Fulani hakuja wiki hii, nani ataenda kumtazama? Mwenzetu kaumwa, nani atamlimia? Katika wiki hizi mambo yanayozungumzwa mara nyingi si mauaji hata kidogo. Ni mume anayekunywa, mpaka wa shamba, mtoto asiyesikia, ada. Viongozi hawaharakishi. Mwenye donda kubwa hulionesha kwanza dole lililokatwa na kisu, akaona watu watalishikaje.

Hatua ya nne ni heshima, na tutarudi kwayo. Ya tano ni kuangalia mbele: vurugu zilivunja desturi nyingi, sasa kikundi kinajiuliza ni zipi za kurudisha, ni zipi za kuacha, na tunataka kuishi vipi kuanzia leo. Ya sita, ya mwisho kabisa, ndiyo kumbukumbu. Hapo ndipo anayetaka kusimulia yaliyompata anasimulia.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Wengi wetu, waandishi wa habari tukiwemo, tukikutana na mtu aliyepatwa na msiba mkubwa swali la mwanzo ni "ilikuwaje?". Njia hii inaliweka swali hilo mwisho, na pengine halisemwi. Sababu yake ni nyepesi. Mtu akilazimishwa kufungua donda mbele ya wasiomwamini, anaumia mara ya pili, na akirudi nyumbani anakuwa peke yake na picha zote zimeamka. Akisimulia mbele ya watu waliomlimia shamba alipoumwa, mzigo unabebwa na wengi.

Wanaume huchelewa. Wanyarwanda husema machozi ya mwanamume hutiririkia ndani, na sisi tuna maneno ya namna hiyohiyo. Ndiyo maana wiki 15 si nyingi kama zinavyosikika.

Heshima

Vurugu za halaiki haziui miili tu. Mara nyingi zinakusudia hasa kumdhalilisha mtu: avuliwe nguo, apigwe mbele ya mkwe wake, mkewe aingiliwe naye akiwa papo, aombe maji anyimwe. Kovu linapona, lakini yule mtu hawezi tena kutazamana macho na waliokuwepo. Anajiona hafai. Kwa Kiswahili chetu tuna neno zito kwa hili, fedheha, na kila Mpemba anajua kwamba mtu hukubali kukosa mali kabla ya kukubali fedheha.

Heshima ya namna hii haitolewi dawani, kwa sababu haikai ndani ya mtu peke yake. Inakaa baina yake na wanaomtazama. Kwa hivyo anayeweza kuirudisha ni jirani, na kikundi kinamrudishia kwa vitu vidogo: anasubiriwa akichelewa, anaitwa kwa jina lake, rai yake inaombwa, anapewa kazi ya kufungua kikao. Kwa aliyetoka upande wa waliodhulumu, au ambaye babake alidhulumu, kuna jambo jengine la kurudisha: kuonekana kwamba yeye ni mtu na si kosa la nyumba yao. Hayo hayamaanishi kwamba dhuluma imesamehewa. Katika Mvura Nkuvure msamaha haudaiwi. Ukija unakuja, usipokuja mtu hasukumwi. Kwa maoni yetu hilo ni jambo la busara, maana tumeona jinsi maneno "tusameheane, tusahau" yanavyotumika kumnyamazisha aliyeumia.

Je, inasaidia kweli?

Watafiti waliifuatilia kazi ya Byumba. Walichukua watu 100 waliokaa vikundini na 100 wengine ambao hawakukaa, wakawapima afya ya akili kabla, baada ya vikao na tena miezi minane baadaye. Waliokaa vikundini walipata nafuu zaidi, na baada ya miezi minane nafuu ilikuwa bado ipo. Utafiti huo ulichapishwa 2011.

Ushahidi mwengine unatoka mashariki ya Kongo, kwa wenzetu wanaozungumza Kiswahili. Hapo njia iliyotumika ilikuwa tafauti kidogo, ya mafunzo ya kubadilisha mawazo yanayomtesa mtu, lakini nayo ilifanywa kwa kikundi. Wanawake 405 walionusurika na ubakaji walishiriki, wengi wao hawajui kusoma, na waliowaongoza walikuwa wanawake wa Kikongo waliofunzwa, wasio madaktari. Wengine walikaa vikundini, wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya kumaliza, katika waliokaa vikundini ni asilimia 9 tu waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Kwa waliosaidiwa mmoja mmoja ilikuwa asilimia 42. Matokeo hayo yalitoka 2013, na vita bado vilikuwa vikiendelea jirani na vijiji hivyo.

Kuna na mfano wa Zimbabwe, ingawa huo si wa kikundi mwanzoni. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza Harare na bibi 14 tu, akawafundisha kukaa na mwenye dhiki juu ya benchi nje ya zahanati na kumsikiliza. Mwaka uliotangulia maelfu ya watu wa mji huo walikuwa wamebomolewa nyumba zao. Utaratibu huo wa Benchi la Urafiki umeigwa Malawi na hata hapa Zanzibar. Kinachounganisha mifano yote mitatu ni kwamba wanaotibu ni watu wa palepale.

Tulichonacho na tunachokikosa

Msikilizaji anaweza kusema: hayo mbona tunayo? Tuna baraza, tuna hitma, tuna kumkalia eda mwenziwetu, wanawake wana usiku wa kuchambua karafuu na mchana wa kusuka ukili, wavuvi wana dago. Ni kweli, na anayetaka kuanzisha kikundi Pemba aanze kutoka hapo, asianze na ukumbi wa hoteli.

Ila tusijidanganye. Barazani anasema mwenye sauti, na mzaha ndio ufalme. Aliye na fedheha ndiye wa kwanza kukimbia baraza. Hitma ni ya siku chache, na baada ya hapo mfiwa anatakiwa awe amepoa. Kuchambua karafuu kunatoa mazungumzo mazuri sana lakini siri haina kufuli. Vitu vitatu ndivyo vinavyoongezwa na tiba ya kikundi: masharti ya siri yaliyokubaliwa, zamu ya kusema kwa kila mtu, na mtu aliyefunzwa kuona pale mwenzake anapozama.

Na kuna mambo ya kwetu ya kuzingatia. Rwanda wanawake na wanaume hukaa pamoja. Hapa yapo mambo ambayo mwanamke hatoyasema mbele ya shemeji yake, na vikundi mbalimbali vya wanawake na vya wanaume vinaweza kufaa zaidi, angalau mwanzo. Siasa nayo: ikiwa watu watahisi kikundi ni cha chama fulani, kimekufa siku hiyohiyo. Viongozi wawili wanaojulikana kuwa na mielekeo mbalimbali, wakakaa pamoja kwa adabu, ni somo tosha hata kabla hawajafungua mdomo. Kikao kisipangwe siku za kampeni.

Kikundi hakitoshi kwa kila mtu

Mtu anayesema anataka kujiua, anayesikia sauti, asiyekula wala kulala kwa siku nyingi, au anayehatarisha wengine, huyo apelekwe kituo cha afya kwanza. Watumishi wa kituo ndio wanaompeleka mbele, hadi hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja, ikibidi. Kumpeleka hospitali hakumzuii kurudi kikundini akipata nafuu, wala hakumzuii kusomewa. Familia nyingi hufanya vyote, na hakuna ubaya madhali dawa haziachwi.

Kikundi pia si mahakama. Mwenye madai ya shamba, fidia au jinai ana njia zake za kisheria, na asiambiwe kwamba akikaa kikundini madai yamekwisha. Ikitokea mtu amekiri jambo zito, viongozi wanatakiwa wawe walikubaliana na kikundi tangu wiki ya kwanza siri inaishia wapi. Mtoto akiwa hatarini, kwa mfano, hakuna siri.

Anayetaka kuanza

Gharama ni ndogo: mkeka, mahali penye kivuli na faragha, maji ya kunywa, na pengine chai. Kilicho ghali ni mafunzo ya viongozi na mtu wa kuwaongoza wao wenyewe, kwa sababu anayesikiliza mazito kila wiki naye huelemewa. Kikundi kisianze bila ya hilo. Jumuiya za wanawake, walimu wa skuli na madrasa, wahudumu wa afya wa kujitolea na mashirika ya msaada wa kisheria ni pahala pazuri pa kuulizia nani karibu yako amepata mafunzo ya ushauri nasaha. Sheha aarifiwe, kwani mkusanyiko usiojulikana huleta maneno, lakini asikae kikaoni kwa cheo chake. Posho isitolewe. Palipo na posho watu huja kwa posho, na wiki itakayokosa fedha duara litakuwa tupu.

Idadi ya wiki iheshimiwe, na siku ya mwisho itangazwe mapema. Rwanda vikundi vingi havikutawanyika baada ya wiki ya 15. Watu waliendelea kulimiana, wakaanzisha mifuko ya kuweka na kukopa, wakanunua mbuzi kwa pamoja, na panapotokea msiba kwa mmoja wao, wote huenda.